Injini ndogo ya Sultani Barghash na kisa cha jina la Bububu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam, kuanzia Segerea hadi Mbagala, huzifahamu reli mbili: Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, na reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Ng'ambo ya bahari, hata hivyo, garimoshi lilitangulia zote hizo.

Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliamuru ijengwe reli ya maili 7, takriban kilomita 11, kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani, upande wa kusini. Awali mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ya mvuke ya magurudumu manne kutoka kampuni ya Bagnall ya Uingereza.

Injini hiyo ilikuwa ya aina yake. Zile za safari ndefu hukokota nyuma yake behewa maalumu la maji na makaa ya mawe. Hii ilijibebea yote yenyewe, maji yakiwa ndani ya tangi lililofungwa kwenye mwili wa injini. Uzito wa maji uliyakandamiza magurudumu yashike reli bila kuteleza. Aidha, iliweza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kugeuzwa.

Kasoro yake ni kwamba tangi dogo hukauka upesi. Ndiyo maana injini za namna hii, pamoja na reli nyembamba zenye vyuma vyepesi na kona kali, zilipendwa zaidi machimboni na viwandani, ambako safari ni fupi na fedha ni za kuhesabu. Kwa maneno mengine, Sultani alijistarehesha kwa mtambo wa kazi za sulubu.

Barghash alifariki dunia mwaka 1888. Reli iling'olewa, na injini ikaishia kuwa chuma chakavu.

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli nyingine ya maili 7, safari hii kuelekea kaskazini, kutoka mjini hadi Bububu. Wananchi waliitumia sana, mpaka barabara na magari vilipoizidi nguvu katika miaka ya 1920.

Hapo ndipo penye simulizi maarufu kwamba kijiji hicho kilipewa jina kutokana na mlio wa garimoshi. Simulizi ni tamu, lakini tarehe zinaikataa. Binti Mfalme Salme, ndugu wa Barghash kwa baba, aliishi Bububu kabla ya kuondoka Zanzibar mwaka 1866, na alikitaja kijiji hicho kwa jina hilohilo katika kitabu chake kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Wakati huo reli pekee ya kisiwani ilikuwa ya kaka yake, nayo ilielekea Chukwani.