Bunduki ya Vita Inapogeuzwa Kuwa ya Uwindaji

Bunduki ya komeo, yaani ile ambayo mpigaji huifungua na kuifunga kwa kuvuta na kusukuma mpini wa chuma kwa mkono, ilikuzwa kwa ajili ya askari, lakini uimara wake, hasa katika muundo wa Mjerumani Paul Mauser uliopokelewa na jeshi la nchi yake mwaka 1898, uliwavutia mno wawindaji. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipotua Mombasa mwaka 1909, alikuwa na Springfield, bunduki ya komeo ya jeshi la Marekani, iliyotiwa kitako cha uwindaji. Na baada ya vita vikuu viwili, silaha za ziada zilipouzwa kwa bei ya chini, mafundi wa Marekani walizigeuza kwa wingi.

Kazi yenyewe si kupunguza mbao tu. Ubao mzito unaofunika mtutu hadi karibu na mdomo huondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na kitako chepesi cha mjozi. Na kwa kuwa mpini wa komeo la kijeshi hugonga darubini ya kulengea unapoinuliwa, hukunjwa au kuunganishwa upya ukielekea chini. Hatari kubwa zaidi hujificha ndani ya chuma: baadhi ya Springfield za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000 zilipashwa moto kupita kiasi wakati wa kufuliwa, chuma chake kikawa chepesi kupasuka.

Leo wakusanyaji, ambao huthamini zaidi bunduki isiyoguswa, huwalaumu mafundi wale, pengine bila haki, kwani wakati huo hakuna aliyeziona kuwa adimu.