Jeep za serikali: kununua ni mara moja, mazuti na piesi ni kila siku

Mwezi wa sita mwaka 2021, wabunge wa kitaifa walianza kupokea jeep mpya za Hyundai Palisade, kwa mpango uliotoka kwa Rais Félix Tshisekedi. Bunge lina viti 500. Kinshasa na hata huku mashariki, watu walibishana: ni zawadi ao ni mkopo? Wapinzani na wanaharakati walikosoa wakati ambapo walimu na askari walikuwa wanalilia mishahara.

Mabishano yalibaki kwenye bei. Lakini bei ya kununua ni mwanzo tu. Gari inaomba mazuti ao esansi, mafuta ya injini, mipira, dereva, na baada ya miaka michache inaanza kuomba piesi. Ulizia kwa mekanisiani yeyote wa Bukavu ao Butembo: gari inayokula feza ni ile ambayo piesi zake lazima ziagizwe mbali. Land Cruiser ya aina ya 70, ambayo Toyota inaitengeneza tangu 1984, piesi zake zinajulikana katika garaji nyingi za huku. Jeep ya kifahari iliyotengenezwa kwa ajili ya lami, ukiipeleka kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, itarudi na deni. Si bure madereva wengi walizoea kupitia upande wa Rwanda ili kufika Kamanyola.

Tena kuna serikali zenyewe. Ile ya Sylvestre Ilunga, mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya 60. Ya Sama Lukonde, mwaka 2021, ilikuwa na 57. Ya Judith Suminwa, mwezi wa tano 2024, ilikuwa na 54, kisha ikapangwa upya mwezi wa nane 2025. Kila waziri anaingia na kabine yake, washauri wake, na mahitaji yake ya usafiri. Na kila mara serikali ikibadilishwa, swali linarudi: gari za wanaotoka zinabaki ofisini, ao zinaenda nao nyumbani?

Majirani nao wamepambana na jambo hili. Nchini Kenya, mwezi wa sita 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo waziri wa feza, aliagiza wakubwa waache gari kubwa na watumie zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Baadhi ya mawaziri hawakutaka kushuka kutoka Mercedes zao, na mpango ukapoteza nguvu. Kununua gari ndogo ilikuwa rahisi. Kuzipokonya zile kubwa, hapo ndipo kazi.

Kutaja Kigali huku kwetu si jambo jepesi, lakini Rwanda ilienda mbali zaidi. Karibu na mwaka 2005 ilikusanya gari nyingi za serikali, ikaziuza kwa mnada, na wakubwa wakasaidiwa kwa mkopo kununua gari zao wenyewe. Mwenye gari yake haipigi ovyo kwenye mashimo, wala haitumi sokoni kwa sababu ya kilo mbili za nyama.

Tanzania, katika hotuba ya bajeti ya mwezi wa sita 2022, waziri wa feza Mwigulu Nchemba alilieleza bunge kwamba gari za serikali zinameza zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka. Naye alipendekeza mkopo kwa watumishi. Iwe mpango huo ni mzuri ao mbaya, raia wa kule alipata namba ya kubishania.

Wabunge waliopewa Palisade walimaliza muhula wao, na uchaguzi ulifanyika mwezi wa kumi na mbili 2023. Jeep zile leo zimo katika hesabu ya nani? Kama ni mkopo, zimelipwa kiasi gani? Na zile za wizara: ni ngapi zinatembea, ngapi zimewekwa juu ya mawe, zina miaka mingapi, zinakunywa lita ngapi kwa mwezi?

Kikao cha bajeti kinafunguliwa kila tarehe 15 mwezi wa tisa. Mbunge yeyote anaweza kusimama hapo na kuuliza, akianza na gari aliyokuja nayo.