Mtu Aliyebandika Mchanga Ndani ya Bomba

Fundi bomba akiletewa bomba, kwanza hufumba jicho moja akachungulia ndani. Akiona vipele au kutu, hulirudisha dukani. Kila mtu anataka maji yapite bila kukwaruzwa. Sasa mimi nina kisa cha mtu aliyechukua mabomba laini, akayasimamisha wima, akayapaka vanishi kwa ndani, na vanishi ilipoanza kunata akayajaza mchanga. Mchanga wa ziada ukatoka kwa chini, zikabaki punje zimeganda ukutani, moja ubavuni mwa nyingine, kama msasa uliokunjwa ndani nje. Baada ya hapo akaanza kupitisha maji.

Mnacheka huko nyuma. Chekeni tu, lakini alikuwa na akili zake timamu. Jina lake Johann Nikuradse, mzaliwa wa Jojia, na kazi hii aliifanya katika mji wa Göttingen, Ujerumani, akaichapisha mwaka 1933. Mpaka leo mhandisi anayepiga hesabu ya pampu ya kupandisha maji mlimani anatumia kanuni zilizojengwa juu ya mchanga ule.

Nitawapeleka Göttingen, ila njiani lazima tupitie kwenye asali.

Tafuteni ganda la mgomba, lile lililojikunja kama mfereji. Mimineni asali nzito, ya Tabora ikipatikana, na mama akiuliza nani kawatuma, mimi simo. Asali ikitulia, nyunyizeni pilipili ya unga mstari mmoja mwembamba, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Halafu inueni upande mmoja taratibu, mtazame mstari.

Mstari haubaki mnyoofu. Unapinda kama upinde wa mshale. Katikati pilipili inatangulia, kila unapokaribia ukingo inachelewa, na pale pembeni kabisa inapogusa ganda imebaki palepale ulipoinyunyiza. Sikusema inakwenda polepole. Nimesema imebaki.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Kitu chochote cha majimaji kikipita juu ya ukuta, tabaka lake la chini kabisa hushikamana na ukuta na halisogei. Tabaka la pili linavutwa mbele na wenzake wa juu, linarudishwa nyuma na huyu aliyeganda, basi linajikokota. La tatu lina nafuu kidogo. Fikirini watoto waliopanga mstari wakashikana mashati, na wa mwisho amekumbatia nguzo. Kule kushikana mashati ndiko kunaitwa mnato. Kwenye asali mashati yameshikwa kwa ngumi. Kwenye maji yameshikwa kwa ncha za vidole. Hata hewa ina mnato wake. Pangaboi huzunguka mchana kutwa, lakini siku ukilizima na kulipangusa, mbawa zake zina vumbi. Upepo wote ule haukulipeperusha, kwa sababu hewa inayogusa mbawa inazunguka pamoja na mbawa.

Tuseme sasa ganda lenu la mgomba si laini. Mmelibandika punje za mchanga. Asali itafanya nini?

Itaingia kwenye vijishimo kati ya punje, ivijaze, ilale humo. Asali iliyolala inakuwa sakafu, na asali ya juu inapita juu ya asali mwenzake. Imejitandikia mkeka wake yenyewe. Mchanga uko chini, umefunikwa, hauna kauli.

Kama ni hivyo, fundi bomba anahangaika bure? Swali hili liliwasumbua watu wazima wenye ndevu. Ufaransa, karne ya 19 ilipoanza, mainjinia walitumia kanuni ya mwenzao Gaspard de Prony, na kanuni hiyo haikuuliza kabisa ukuta wa bomba ukoje. Bomba jipya, bomba kuukuu, hesabu ni moja. Akaja Henry Darcy, yule aliyewaletea wakazi wa Dijon maji ya chemchemi mwaka 1840. Darcy alipima maji katika mabomba ya kila namna, mapya, makuukuu yenye ukoko ndani, na makuukuu yaliyosafishwa, akachapisha majibu yake mwaka 1857. Jibu likawa kinyume: hali ya ukuta ina uzito mkubwa. Bomba lenye ukoko linanyima maji.

Asali inasema mikwaruzo si kitu. Darcy anasema ni kitu kikubwa. Wote wawili wamepima, hakuna aliyesema uongo.

Kamba ya kuwafunga pamoja iliokotwa Manchester, Uingereza, mwaka 1883. Osborne Reynolds alipitisha maji ndani ya neli ya kioo, na katikati ya maji akaachia uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda taratibu, uzi ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho kama umevutwa kwa rula. Akaongeza mwendo, ukanyooka vilevile. Akaongeza tena, na ghafla uzi ukakatika, ukajisokota, rangi ikatapakaa neli nzima. Kumbe kuna namna mbili za kutiririka: ya utulivu, ambapo matabaka yanapishana bila kugombana, na ya vurugu, ambapo yanachanganyikana kama abiria stendi ya mabasi siku ya kuamkia sikukuu. Mwendo ukiwa mkubwa, au bomba likiwa pana, vurugu inakaribia. Mnato ukiwa mkubwa, vurugu inazuiliwa.

Mimi napenda kuona tarakimu, kwa hiyo nilikaa nikapiga hesabu. Katika bomba la upana wa sentimita 5, vurugu inaweza kuanza maji yakifikia mwendo wa sentimita 5 hivi kwa sekunde. Kobe asiye na haraka anakwenda hivyo. Asali nzito, yenye mnato wa mara 10,000 ya maji, ingebidi ipite bomba hilohilo kwa zaidi ya mita 300 kwa sekunde, karibu sawa na kasi ya sauti hewani! Hakuna mtu aliyewahi kumiminiwa asali namna hiyo, na asiombe. Asali huishi na kufa katika utulivu.

Ndiyo maana anayesafirisha vitu vizito huumizwa kichwa na mnato kabla ya mikwaruzo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa lipashwe moto njia nzima. Mafuta yale yana nta nyingi, na yakipoa huganda. Ukisugua ukuta wa ndani mpaka ung'ae lakini ukayaacha yapoe, hutapata kitu upande wa Tanga.

Haya, tumefika Göttingen.

Nikuradse aliujua utulivu na vurugu. Alichotaka kujua ni lini hasa mchanga unaanza kupata kauli. Na hakutaka mchanga wa kuokota. Aliuchekecha. Ili kupata punje za milimita 0.8, alitumia chekecheke mbili, moja ya matundu ya milimita 0.82 na nyingine ya 0.78, akachukua zilizopita ya kwanza zikakwama kwenye ya pili. Halafu akatandaza punje mia kadhaa juu ya bamba na kuzipima moja moja. Bomba likishabandikwa, liliachwa likauke wiki 2 au 3, kisha likapakwa vanishi tena ili maji yasizing'oe punje. Kuna watu wana subira. Mimi ningekwisha kwenda kucheza mpira.

Alitengeneza viwango 6 vya ukwaruzaji. Katika bomba lililokwaruza kuliko yote, kimo cha punje kilikuwa sehemu 1 kwa 15 ya nusu upana wa bomba. Katika lililokwaruza kidogo zaidi, kilikuwa sehemu 1 kwa 507. Kila bomba akalipitishia maji, akianza polepole na kuongeza mwendo kidogo kidogo, huku akipima nguvu inayohitajika kuyasukuma.

Maji yalipokwenda kwa utulivu, mabomba yote 6 yalitoa jibu moja, na jibu lenyewe ni lilelile la bomba laini. Mchanga wote ule, wiki zote zile za kusubiri vanishi, na maji yakapita kama hayakuona kitu! Asali ilikuwa na haki.

Akaongeza mwendo. Vurugu ikaingia, lakini bado mabomba yenye punje ndogo yalifuatana na bomba laini, sako kwa bako. La kwanza kuaga kundi lilikuwa lile lenye ukwaruzo mkubwa. Likafuata la pili yake, kisha la tatu, kila moja kwa zamu yake. Na kila bomba, mwendo ulipozidi sana, lilifika mahali ambapo mnato haukuulizwa tena; punje ndizo zilizoamua kila kitu. Hapo ukitaka kuongeza mwendo mara 2, jiandae kusukuma mara 4. Darcy naye alikuwa na haki.

Kwa nini kwa zamu? Mmeshawahi kulala na shuka fupi? Hata katikati ya vurugu, maji yaliyo karibu kabisa na ukuta yamebanwa mno, hayana nafasi ya kurukaruka. Yanabaki kuwa tabaka jembamba ambamo mnato bado ni mfalme. Hilo ndilo shuka. Katika bomba letu la sentimita 5, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, shuka hilo lina unene wa sehemu 1 kwa 10 ya milimita, karibu na unywele mmoja. Punje fupi kuliko hapo imelala chini ya shuka, na maji ya juu hayana habari nayo. Ukiongeza mwendo, shuka linakuwa jembamba, vichwa vya punje vinachomoza, na kila kichwa kinachotoka nje kinayapiga maji yanayopita na kuacha vizingia nyuma yake. Kila kizingia kinakula nguvu ya pampu. Punje kubwa huchomoza mapema, punje ndogo baadaye. Nadhani mmeona sasa bomba moja linavyoweza kuwa laini asubuhi watu wachache wakichota, na likawa la kukwaruza jioni mtaa mzima ukifungua koki, ingawa hakuna aliyeligusa.

Mabaharia wa pwani yetu hawakumngoja Nikuradse. Jahazi likikaa majini muda, viumbe wenye magamba humea chini yake, na nahodha husikia chombo kimekuwa kizito hata upepo ukiwa mzuri. Maji yakipwa, chombo hulazwa ufukweni, chini hukwanguliwa, huchomwa kwa moto wa makuti, kisha hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Yale magamba yamechomoza juu ya shuka, ndiyo maana.

Sasa nirudi kwenye asali kidogo, maana niliibembeleza mno. Nilisema mikwaruzo haina kauli kwenye utulivu. Karibu haina. Asali iliyolala kwenye vijishimo imechukua nafasi, kwa hiyo bomba limekuwa jembamba kidogo, na wembamba una adhabu kali. Daktari Mfaransa Jean Poiseuille, aliyetaka kujua damu inavyopita kwenye mishipa midogo, alipima neli nyembamba za kioo miaka ya 1840 na kuona kwamba ukipunguza upana kwa nusu, kinachopita hakipungui kwa nusu. Kinabaki sehemu 1 kwa 16. Punje zikiiba sehemu 1 tu kwa 100 ya upana, mtiririko unapungua kama sehemu 4 kwa 100. Bomba la mtaani halitalisikia hilo, lakini kwenye kijineli chembamba kama unywele, kipele ambacho jicho halikioni ni mlima.

Kuna mmoja ananiuliza kama mikwaruzo inaweza kusaidia maji yateleze zaidi. Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Nendeni bondeni mkachume jani la gimbi. Lipapaseni: linaonekana laini, lakini chini ya hadubini lina vipele vingi sana vidogo, na juu yake nta. Tone la maji likitua halijazi vijishimo, kwa kuwa nta inalikataa. Linasimama juu ya ncha za vipele, na chini yake kuna hewa. Hewa ina mnato mdogo mara 50 hivi kuliko wa maji, kwa hiyo safari hii mkeka uliotandikwa hapo chini ni wa hewa, na tone linakimbia juu yake kama gololi. Vipele vilevile ambavyo vingemshika mtu mwingine, hapa vinamwachia.

Lakini mkeka ule si wa kudumu. Chukueni jani hilo, lizamisheni ndani ya ndoo ya maji safi, mlitazame kwa ubavu. Mtaliona limevaa fedha. Ile fedha ndiyo hewa iliyonaswa kati ya vipele. Lifungeni kijiwe lisielee, mlilaze humo ndooni usiku kucha, na asubuhi kabla ya kwenda shule mkaangalie kama fedha bado ipo.