Gari lililotembea sana: mnunuzi akague nini, na fundi aanze wapi?

Barabara ya RN1 inayotoka Bujumbura kuelekea nyanda za juu huanzia karibu na Ziwa Tanganyika, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kilomita arobaini kutimia, msafiri yuko Bugarama, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Kwa gari zima, hiyo ni safari ya kawaida. Kwa gari lililochoka, ni mtihani wa rejeta wakati wa kupanda na wa breki wakati wa kushuka, na huo wa pili hauna marudio.

Magari mengi yaliyotumika yanayonunuliwa nchini Burundi hutoka Japani, hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha huletwa kwa barabara kupitia Tanzania. Swali la kwanza la mnunuzi aghalabu ni moja: limetembea kilomita ngapi? Ni swali halali, lakini jibu linaloonekana kwenye dashibodi huweza kughushiwa. Mita za zamani zilirudishwa nyuma kwa bisibisi. Za kisasa hurudishwa kwa kifaa kidogo cha kielektroniki, kwa muda mfupi tu.

Ukweli hutafutwa kwingine. Nchini Japani, gari dogo la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, halafu kila baada ya miaka miwili. Cheti cha Kijapani cha kulisafirisha gari nje huonyesha kilomita zilizoandikwa katika ukaguzi. Mnunuzi na aombe cheti hicho, alinganishe tarakimu. Huko hukadiriwa kwamba gari la familia hutembea takriban kilomita 10,000 kwa mwaka. Kwa hiyo gari la mwaka 2005 linaloonyesha kilomita 60,000 linahitaji maelezo. Huenda yapo, lakini yatolewe.

Gari lenyewe nalo hushuhudia. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na kilomita chache. Mikanda ya usalama huwa na kibandiko cha mwaka wa kutengenezwa. Mmoja ukiwa mpya kuliko mingine, uliza kuhusu ajali. Matairi husomeka ubavuni: tarakimu 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Fika asubuhi, uweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kurefuka. Ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuiamsha, na pengine ana sababu. Fungua kifuniko cha rejeta wakati huohuo wa ubaridi, kamwe si injini ikichemka. Maji yenye kutu yanaonyesha kwamba dawa ya kupozea haijatiwa kwa muda mrefu, na mafuta yanayoelea juu yake ni dalili ya gasketi ya silinda iliyoungua. Kisha iwashwe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Huyo wa mwisho ni sababu tosha ya kuaga.

Yafaa pia kujua kama injini ina mkanda wa taimingi au mnyororo. Toyota Carina Ti ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A ina mkanda, ambao kwa desturi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Probox ya lita 1.5 ina mnyororo. Mafundi wa Japani huacha kibandiko ndani ya boneti chenye tarehe na kilomita za mkanda uliobadilishwa. Kisipokuwepo, uhesabu kwamba haujabadilishwa.

Gari likishanunuliwa, wengi huanza na rangi na redio. Ni kosa. Kazi ya kwanza ya fundi, iwe Buyenzi au kwingineko, ni breki: vitambaa, diski, mipira, na hasa mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi joto 205. Yaliyonyonya maji huweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka katikati ya mteremko, pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Yabadilishwe kila miaka miwili, na dereva ashuke kwa gia ya chini.

Baada ya breki huja rejeta na mipira yake, mkanda wa taimingi, oili na vichujio. Shokapu na bushi hufuata. Mlio wa tak-tak unapokata kona kali ni wa kiungo cha ekseli ya mbele. Usiuache hadi kikatike.

Jambo moja husahaulika sana. Taa za magari ya Japani zimeundwa kwa nchi ambako watu huendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wake wa chini huinuka upande wa kushoto. Burundi tunaendesha kulia. Mwanga huo humwingia machoni dereva anayekuja. Taa zibadilishwe au zirekebishwe kabla ya safari ya kwanza ya usiku.

Yote haya hukamilishwa kwa kuliendesha gari mlimani, fundi akiwa kando yako, kabla ya fedha kutolewa. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, muuzaji anaweza kusita. Jitolee kulipia petroli mwenyewe. Mkirudi, liegesheni mahali pakavu kwa nusu saa, kisha mchungulie chini yake.