Fungu Kizimkazi: ardhi haba, ndege tele

Ukitoka ncha ya kusini ya Unguja ukashika njia ya kusini-mashariki kwa zaidi ya kilomita 60, utakuta kipande cha ardhi kisichokuwa na mti hata mmoja. Urefu wake ni kama mita 300, upana haufiki 200, na hata pale palipoinuka zaidi hapazidi usawa wa bahari kwa mita 3 hivi. Wavuvi wanakiita Fungu Kizimkazi. Ramani za mabaharia zinakiandika Latham, kwa jina la meli ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki iliyokiona mwaka 1758. Hakina kisima, hakina kivuli, hakina ghuba ya kujificha kusi likichachamaa. Kimezungukwa na maji yenye kina cha mamia ya mita.

Kwa binadamu hapo si mahali pa kuishi. Kwa ndege wa bahari hapana mfano wake katika Tanzania nzima. Jamii nne huzaa juu ya kipande hicho. Wako buabua wenye kishungi, wenye midomo ya manjano na utosi uliosimama. Wako buabua wa kahawia, na wale wenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, ambao kelele zao hazikomi mchana wala usiku. Na yuko membe mweupe mwenye uso mweusi, ambaye wanasayansi humwita Sula dactylatra, ndege mzito ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita moja na nusu. Huyu wa mwisho hajulikani kuzaa mahali pengine popote nchini.

Swali linalonijia kila mara kisiwa hiki kinapotajwa ni hili: kwa nini pale? Pwani yetu imejaa visiwa vyenye miti, vivuli na fukwe. Kwa nini maelfu ya ndege wasongamane kwenye fungu linalochomwa na jua?

Ndege wa bahari hupata kila kitu baharini isipokuwa pa kuweka yai. Chakula chake kiko huko. Hata maji ya kunywa ni yale yale ya chumvi, kwa kuwa ana tezi juu ya macho zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa kwa matone kupitia mdomoni au puani. Buabua mwenye mgongo mweusi amelipeleka jambo hili mbali zaidi. Akishaweza kuruka na kuondoka alikozaliwa, hukaa angani juu ya bahari kwa miaka, mitatu au zaidi, kabla ya kurudi nchi kavu kuzaa. Na wala haogelei kupumzika: manyoya yake hayazuii maji vizuri, akikaa muda juu ya maji hulowa. Hula kwa kudonoa samaki wadogo na ngisi usoni mwa bahari huku anaruka, na usingizi wake ni wa huko huko hewani.

Yai, lakini, halina budi kuwekwa juu ya kitu kigumu. Na hapo ndipo ndege huyu hodari anakuwa mnyonge. Hajengi kiota, hutaga yai moja juu ya mchanga mtupu. Chini hajui kupigana wala kukimbia. Kwa hiyo anachotafuta ni ardhi isiyofikiwa na panya, paka, kicheche wala nyoka, iliyo karibu na maji yenye samaki. Kivuli na miti kwake si hoja. Fungu Kizimkazi, pamoja na ukali wake wote, linatimiza masharti hayo mawili.

Gharama yake ni joto. Mchanga wa matumbawe saa sita mchana huunguza nyayo, na yai likiachwa wazi kwa dakika chache tu kiumbe kilichomo hufa. Mzazi anapoonekana ameketi juu ya yai wakati wa jua kali, mara nyingi hatii joto bali analikinga nalo. Dume na jike hupokezana, mmoja akienda kutafuta chakula mbali, mwingine akibaki kuvumilia jua na njaa.

Membe ana mambo yake. Hana lile eneo la ngozi tupu tumboni ambalo ndege wengi huatamia nalo. Yeye hulifunika yai kwa nyayo zake pana zenye utando kati ya vidole, na damu inayopita humo ndiyo inayolitia joto. Hukaa hivyo kwa zaidi ya siku 40. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, yakipishana kwa siku kadhaa. Kinda wa kwanza akishapata nguvu, humsukuma mdogo wake nje ya kiota na mdogo hufa. Wazazi hutazama tu. Msomaji ataona huu ni ukatili, nami sina maneno ya kuupamba. Hesabu yake, hata hivyo, inaeleweka: bahari ya tropiki haina chakula cha kulea makinda wawili wa ndege mkubwa hivi, na yai la pili ni akiba iwapo la kwanza litaharibika.

Wavuvi wa mshipi wanawafahamu ndege hawa kuliko wasomi wengi. Nahodha anayetafuta jodari au sehewa hatazami maji kwanza, hutazama juu. Kundi la jodari likiwafukuza samaki wadogo kutoka chini, wale wadogo hukimbilia juu, na panzi wa baharini hurukia nje ya maji kabisa. Hapo buabua huwadonoa, na membe hujitosa kutoka juu kama mkuki. Ndege hao hawana uwezo wa kuwafikia samaki waliozama mbali chini. Jodari ndio wanaowaletea. Bahari ikipungukiwa jodari, ndege wanapungukiwa riziki, na nahodha naye anapoteza alama yake ya angani. Wote watatu wanakula kwenye sinia moja.

Kuna deni jingine ambalo wavuvi hawalioni kwa macho. Ndege anakula mbali, anakuja kunya nyumbani. Mavi yake yana naitrojeni na fosforasi kutoka bahari kuu. Mvua huyaosha, mawimbi huyachukua, na miamba ya matumbawe iliyo karibu hupata mbolea. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Nicholas Graham katika visiwa vya Chagos, katikati ya bahari yetu hii ya Hindi. Walilinganisha visiwa 12: sita vina panya waliofika na vyombo vya zamani, sita havijawahi kuwa nao. Kwenye visiwa visivyo na panya, wingi wa ndege ulikuwa mara 760 zaidi. Naitrojeni iliyotokana na ndege ilikuwa mara 251 zaidi. Na uzito wa samaki kwenye miamba ya jirani ulizidi kwa asilimia 48. Mtu anayedhani habari za ndege ni za watalii wenye darubini na asome tena takwimu hiyo ya mwisho.

Panya ndiye adui mkubwa wa visiwa vya ndege duniani kote. Hula mayai, hula makinda, na huzaana haraka kuliko ndege yeyote wa bahari. Hata yule panya mdogo wa nyumbani si wa kupuuzwa. Katika kisiwa cha Gough, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, panya wadogo walioshuka kutoka kwenye meli karne ya 19 walijifunza kuwatafuna wakiwa hai makinda wa albatrosi, ndege wakubwa kuliko wao mara mia kadhaa. Mwaka 2021 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwatia sumu. Kabla mwaka haujaisha alionekana panya aliyesalia. Kumtoa panya kisiwani ni kazi ya fedha nyingi. Kumzuia asipande chomboni ni kazi ya dakika kumi.

Kwetu tuna mfano wa kujivunia. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, kilifanywa hifadhi mwaka 1994. Mwaka huo huo mamia ya jozi za buabua wenye kifua cha rangi ya waridi walizaa kwenye vijiwe vyake, na maadui wakawaandama: panya kutoka chini, kunguru kutoka juu. Mwaka 1997 panya waliangamizwa wote. Kunguru ni shida nyingine. Huyu ni yule wa Bara Hindi mwenye shingo ya kijivu, tunayemwona kwenye kila jalala kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe takataka, na kutoka hapo akasambaa. Chumbe iko karibu na mji, kwa hiyo kunguru huifikia kwa kuruka tu. Fungu Kizimkazi limenusurika naye kwa sababu ya umbali. Panya, lakini, haruki. Anasafiri na mzigo, na kwake kilomita 60 ni safari ya usiku mmoja ndani ya gunia.

Si kila mla mayai ni wa kufukuzwa, hapo ifahamike. Chumbe ina kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote waishio nchi kavu, anayeweza kufikia kilo 4 na kuishi miongo kadhaa. Huko Chagos amewahi kurekodiwa usiku akimuua membe aliyekomaa. Hata hivyo kaa huyu na ndege wamekaa pamoja tangu zamani, na hesabu yao hujisawazisha yenyewe. Naye pia ni mhanga wa panya na wa binadamu, kwa kuwa hukua polepole mno. Vivyo hivyo kasa: Fungu Kizimkazi ni mahali pa kasa wa kijani kupanda usiku kutaga, akipita katikati ya ndege bila ugomvi. Wageni wenye madhara ni wale tunaowaleta sisi.

Na sisi wenyewe. Wapo wavuvi wanaopiga dago kwenye visiwa vya namna hii, na wapo wanaookota mayai. Siwalaumu kwa njaa. Mtu aliye baharini siku nyingi hula anachokiona. Lakini buabua anayetaga yai moja tu hawezi kufidia kama kuku, na membe akipoteza kinda amepoteza msimu. Watalii wa uvuvi wa ndoana wanaofuata samaki wakubwa kando ya Fungu nao wanaharibu bila kuokota kitu. Wakishuka saa sita mchana kupiga picha, ndege mamia huruka kwa mpigo, na mayai yanabaki juani.

Kwa hiyo, nahodha, kabla ya kuelekea Fungu tikisa magunia ya unga na mchele, funua matanga na kamba zilizorundikwa, kagua chini ya sakafu ya chombo. Ukilazimika kutua, shuka asubuhi mapema au jioni, pita ukingoni mwa maji, usikatize kwenye mazalio, na usiwashe moto karibu nayo. Mayai yaacheni. Nanyi mnaopeleka wageni, waambieni picha nzuri ya membe hupatikana ukiwa ndani ya boti: ndege huyu hamwogopi mtu, atakupitia juu ya kichwa mwenyewe.