Chukudu na Makoro: Kazi za Mikono Zinazoubeba Mji wa Goma

Msafiri anayetaka kuziona kazi za mikono za Uzbekistan na majengo ya kale ya nchi ile hapati tabu kubwa siku hizi, kwani tangu mwaka 2011 garimoshi la mwendo wa kasi humtoa Tashkent na kumfikisha Samarkand kwa muda wa saa mbili hivi. Akishuka huenda moja kwa moja hadi uwanja wa Registan, akazitazama madrasa tatu zilizopambwa kwa vigae vya rangi ya samawati, na ndani ya hujra ambamo zamani walikaa wanafunzi akawakuta wachuuzi wa hariri na vyombo vya udongo wakimngoja. Huko reli humletea fundi mnunuzi mpaka kizingitini.

Goma, kwetu mashariki mwa Kongo, haina reli. Zama za Wabelgiji ilitandikwa njia fupi kutoka Uvira ikakomea Kamanyola, isifike Bukavu, seuze huku kaskazini mwa ziwa Kivu. Na kwa kuwa fundi wa kwetu hakuletewa chombo cha kumchukulia bidhaa, ilimlazimu akiunde mwenyewe. Chombo hicho ndicho chukudu, na yeyote anayetaka kuipima tijara ya mji huu kwa haki sharti aanzie hapo, si kwenye maghala wala kwenye ofisi za forodha.

Chukudu ni ubao mrefu imara wenye magurudumu mawili ya mti, mbele una usukani uliochongwa mfano wa pembe za ng'ombe, na magurudumu yake huvikwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu la gari ili yasipasuke juu ya mawe. Mti wake aghalabu ni mkaratusi, ambao hupandwa kwa wingi katika vilima vya Masisi na Rutshuru. Beringi hutolewa katika magari yaliyokwisha kazi. Na breki si kitu ila kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga kwa unyayo. Chombo hiki kilianza kuenea katika Kivu Kaskazini katika miaka ya 1970, na hakuna kiungo chake kinachohitaji kuagizwa ng'ambo, wala tone la mafuta. Chukudu kubwa huchukua kilo 500, pengine na zaidi, na atakaye kusadiki na asimame asubuhi penye barabara itokayo Kibumba, awaone vijana wakiteremka na magunia ya viazi, kabichi, kuni na makala, kama tuyaitavyo makaa huku kwetu, goti moja limewekwa juu ya ubao na mguu wa pili ukigusa ardhi kwa hadhari. Kurudi ni kupanda mlima, na hapo chombo husukumwa kwa mikono mwendo wote. Ujira wa watu hawa umo ndani ya bei ya kila kiazi kinacholiwa mjini, ijapokuwa hauandikwi katika daftari yoyote ya serikali.

Kazi ya pili imetokana na msiba. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji, ukaifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliangamiza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na maduka ya kati ya mji, na kuwaacha watu zaidi ya 100,000 bila makao. Ulipopoa, watu walirejea juu ya mwamba mweusi ambao mahali pengine ulikuwa umezimeza nyumba mpaka madirishani, wakashika nyundo na mitaimbo na kuanza kuupasua. Makoro, yaani mawe hayo ya volkano, yakawa rasilimali: makubwa huchongwa kwa misingi na kuta, madogo huvunjwa kuwa kokoto, kazi ambayo wanawake wengi huifanya wakiwa wameketi chini siku kutwa, watoto wao kando. Ndiyo maana kuta na nyua za Goma ni nyeusi, zimechorwa mistari ya saruji iliyokoza pembe za kila jiwe, na nyumba za mbao za maskini husimama juu ya msingi wa jiwe lile lile lililojengewa majumba ya matajiri ufuoni mwa ziwa. Nami nasema bila kusita kwamba huu ni usanifu wa majengo wenye haki ya kuitwa wa kwetu. Mlima ulipopasuka tena tarehe 22 Mei 2021, moto wake ukasimama karibu na mji upande wa Buhene, na haukupita muda nyundo zikasikika huko pia.

Hali ya soko leo ni ngumu. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukanyamaza. Fedha taslimu zikaadimika, watu wakategemea pesa za simu, na mwenye kujenga akaahirisha ujenzi, jambo ambalo humfikia mvunja kokoto kabla ya mtu mwingine yeyote. Isitoshe, pikipiki na magari ya magurudumu matatu yamenyang'anya sehemu ya mizigo, hasa katika barabara zilizotengenezwa. Hata hivyo chukudu haijaondoka, kwa kuwa bei ya petroli haiihusu, na ikivunjika hutengenezwa na seremala yeyote aliye karibu.

Mji umewajengea waendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara, na heshima hiyo wanaistahili. Lakini seremala anayechonga gurudumu huzinunua mbao zake kwa fedha taslimu, na asipokuwa nazo hungoja mpaka chukudu aliyoimaliza ipate mnunuzi. Mkopo mdogo wa kununulia mbao za miezi mitatu, ukitolewa kwa dhamana ya chama cha mafundi wenyewe badala ya hati ya nyumba ambayo hawana, ungemwezesha kufanya kazi bila kusimama, na kumwajiri kijana mmoja wa kumfundisha.