Usisubiri tuta lipasuke

Neno la leo ni kwako unayeongoza watu kazini: mwenye duka Kilosa mjini, mwenye mgahawa wa wasafiri Mikumi, mkulima wa miwa Ruhembe mwenye vibarua watano, hata wewe mwenye bodaboda moja uliyomkabidhi kijana.

Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa habari za tuta. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maelfu wakapoteza makazi, na Reli ya Kati ikasombwa hata treni zikashindwa kupita kwa miezi. Tuta huanza kuvuja mahali padogo, na anayepaona mara nyingi ni mtu mdogo.

Biashara nayo iko hivyo. Hesabu ya jioni inapungua kidogo. Mpishi mzuri anaondoka bila kuaga. Wahudumu wananyamaza ukiingia. Wewe unasema, vijana wa siku hizi hawana uaminifu. Lakini pengine ni mwezi wa pili hawajalipwa kamili, na hakuna anayethubutu kukwambia, kwa kuwa aliyesema mwaka jana alifukuzwa.

Soma Nehemia sura ya 5. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa unajengwa, na adui yuko nje. Ndipo kilio kikatoka ndani: watu wameweka rehani mashamba yao, watoto wao wanaingizwa utumwani kwa madeni, na wanaowadai ni ndugu zao. Nehemia angeweza kusema kazi kwanza. Hakusema hivyo. Tujifunze kwake mambo manne.

Kwanza, alisikiliza mpaka mwisho. Tenga nusu saa kila wiki, kaa na watu wako, uliza kinachowakwamisha, kisha nyamaza. Ukimjibu kwa ukali wa kwanza, wa pili hatasema.

Pili, alikasirika, lakini alitafakari moyoni kabla ya kufungua kinywa. Usimkaripie mfanyakazi mbele ya wateja, wala usitume ujumbe wa simu usiku ukiwa na hasira. Lala kwanza.

Tatu, alisema waziwazi na wahusika, na makubaliano yakathibitishwa kwa kiapo mbele ya makuhani. Ukipita barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kuna mabango yanayoonyesha faini ya kumgonga kila mnyama. Dereva anajua mapema, si baada ya ajali. Je, kijana wako anajua mapema mshahara wake, siku ya kulipwa, na nani atalipa sahani ikivunjika? Andikeni, kila mmoja abaki na nakala.

Nne, alianza na nafsi yake. Kwa miaka 12 hakuchukua posho ya chakula iliyokuwa haki ya liwali, kwa sababu watu walikuwa wameelemewa. Biashara ikiyumba, punguza kwanza matumizi yako, ndipo uwaombe wengine wavumilie. Na waeleze ukweli: mauzo ni haya, deni ni hili, nitalipa tarehe fulani. Watu huvumilia shida wanayoielewa. Wanachoshindwa ni kufichwa.

Mpendwa, inawezekana leo umekaa kiti cha mbele kanisani na bahasha ya sadaka ya shukrani mkononi, na ndani yake kuna jasho la mtu ambaye hujamlipa. Yakobo, katika sura ya 5, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kilio hicho kimemfikia Bwana. Ibada yako haiwezi kukifunika.

Basi kesho Jumatatu, kabla hujafungua mlango wa biashara, mwite yule unayemdai uaminifu huku yeye anakudai mshahara. Mpe chake. Kama huna chote, mpe ulichonacho na tarehe ya kilichobaki, na uitimize.

Mungu akupe masikio ya kusikia. Jumapili njema.